Muhula Mmoja Mpanda: Shule ya Bweni kama Kituo cha Uchunguzi

Mwanafunzi aliyepangiwa shule ya bweni katika mkoa wa Katavi huanza muhula wake kwa safari ndefu. Wengine hufika kwa basi kutoka Tabora, Kigoma au Sumbawanga. Wengine hufuata reli ya tawi itokayo Kaliua, ambayo ilifikishwa Mpanda na kufunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi. Akishateremsha tranka lake na kuonyeshwa kitanda chake, anajua kwamba kwa miezi mitano hivi hataona tena nyumbani. Atalala bweni moja, atakula katika bwalo moja, atakwenda mstarini kila asubuhi kwenye uwanja mmoja, na maisha yake yote yatatawaliwa na kengele moja.

Wanafunzi wengi, na walimu wao pia, huyahesabu maisha haya kuwa ni upungufu. Husemwa kwamba shule iko mbali, kwamba maabara ina vifaa vichache, na kwamba sayansi ya kweli inafanyika mahali pengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo lile lile linalolalamikiwa, yaani kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu kwa utaratibu usiobadilika, ni hazina ambayo mtafiti yeyote angeitamani. Shule ya bweni ni kituo cha uchunguzi kilichokwisha jengwa. Ina mamia ya macho, ina saa za kudumu, na ina watu wasioondoka. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari.

Katika milima ya Rocky huko Marekani zipo shule zinazowapokea wanafunzi wa sekondari kwa muhula mmoja tu. Wanafunzi hao huacha shule zao za kawaida, wakaenda kukaa penye mwinuko wa kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, wakaendelea na masomo yao huku wakijifunza kutokana na theluji, misitu na miamba inayowazunguka. Huko ni lazima mwanafunzi asafirishwe ili aifikie nchi ya kujifunzia. Mwanafunzi wa Mpanda amekwisha kufika. Mji huo uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, katikati ya nchi ya vilima na misitu ya miombo. Upande wa magharibi ardhi inateremka hadi Ziwa Tanganyika, lililo mita 773 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kusini mashariki inateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Kati ya mabonde hayo mawili ya ufa, msomaji ataona kwamba hakuna siku ya muhula isiyokuwa na jambo la kupima.

Kengele na jua

Tuanze na kengele yenyewe. Katika shule nyingi za bweni kengele ya kuamka hugongwa saa kumi na moja alfajiri. Mwanafunzi aliyehamia Mpanda kutoka Dar es Salaam hugundua upesi kwamba alfajiri ya Mpanda ina giza zaidi. Huenda akadhani ni usingizi wake tu, lakini anachokiona ni kweli, na sababu yake twaweza kuihesabu kwenye ubao.

Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi 1 kwa dakika 4. Saa tunazozitumia Afrika Mashariki zimewekwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Mpanda iko kwenye nyuzi 31 mashariki. Tofauti ni nyuzi 14, na nyuzi 14 zikizidishwa kwa dakika 4 ni dakika 56. Kwa hiyo, kwa wastani wa mwaka, jua la Mpanda hufika kileleni mwa safari yake ya siku saa saba kasoro dakika 4 mchana, wala si saa sita kamili. Dar es Salaam, iliyo kwenye nyuzi 39, huchelewa dakika 24 tu. Basi jua la Mpanda liko nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu saa, ingawa saa za ukutani ni zile zile.

Mwezi Julai, muhula wa pili unapoanza, jua la Mpanda huchomoza saa moja na dakika chache asubuhi. Mwanafunzi aliyeamshwa saa kumi na moja ameishi zaidi ya saa mbili kabla ya kuliona jua. Mwanzoni mwa Novemba jua hilo hilo huchomoza kiasi cha saa kumi na mbili na nusu. Kwa nini pana tofauti hiyo, na hali tuko karibu na ikweta? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mhimili wa dunia umeinama. Ya pili ni kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, kwa hiyo mwendo wake huzidi na kupungua. Mambo hayo mawili huandikwa katika vitabu kama maneno ya kukariri. Lakini kiranja wa zamu aandikaye kila siku saa ambayo jua linatokeza juu ya kilima kile kile atakuwa nayo ndani ya daftari lake, tena kwa mkono wake mwenyewe, kabla muhula haujaisha.

Fimbo ya mita moja

Chombo cha pili ni fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa mita 1, iliyosimikwa wima mahali pa wazi. Kila siku, karibu na saa saba mchana, wanafunzi wawili wapime kivuli chake kila baada ya dakika tano na kuandika kipimo kilicho kifupi kuliko vyote. Hicho ndicho kivuli cha adhuhuri ya kweli.

Mpanda iko kiasi cha nyuzi 6 na theluthi kusini ya ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 4 Machi na tarehe 10 Oktoba, na siku hizo fimbo haina kivuli adhuhuri. Tarehe 21 Juni jua huwa limekwenda mbali upande wa kaskazini, na kivuli huelekea kusini kikiwa na urefu wa sentimita 57. Tarehe 21 Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kivuli huelekea kaskazini na urefu wake ni sentimita 31 tu. Mwalimu wa hisabati atakayechukua vipimo hivyo pamoja na jedwali la tanjiti ataweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kuipata latitudo ya shule yao wenyewe kwa fimbo na rula.

Hesabu hii si mchezo tu, maana ndiyo mwanzo wa kuielewa mvua. Ukanda wa hewa inayopanda, ambao ndio uletao mvua katika nchi za joto, hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Jua hupita juu ya Mpanda mwezi Oktoba likielekea kusini, na mvua huanza kiasi cha Novemba. Hurudi juu yake mwezi Machi likielekea kaskazini, na mvua huisha kiasi cha mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa kuwa safari hizo mbili hazipishani kwa muda mrefu, mvua zake huungana zikawa msimu mmoja. Ndiyo maana Katavi ina masika mamoja marefu, au kifuku kama wasemavyo wengi huko magharibi, na hali sehemu nyingine zilizo karibu zaidi na ikweta hupata vuli na masika mbalimbali.

Kopo la mvua na paa la bweni

Kwa kalenda yetu, muhula wa kwanza huanza Januari nchi ikiwa mbichi, na muhula wa pili huanza Julai nchi ikiwa imekauka. Mwanafunzi wa bweni hupata basi darasa la maji katika muhula mmoja na darasa la ukame katika muhula wa pili.

Kipimamvua cha kuanzia chaweza kutengenezwa kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali palipo mbali na miti na majengo. Ukubwa wa mdomo wake haubadili jibu, mradi kuta ziwe wima. Kina cha maji kwa rula ndicho kina cha mvua. Kipimo kichukuliwe kila siku saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa wanayopima katika vituo vya hali ya hewa, kisha kopo limwagwe na kurudishwa mahali pake. Kwa kawaida nchi ya Mpanda hupata jumla ya milimita 900 hadi 1,100 kwa mwaka. Lakini jumla peke yake haimsaidii mkulima wala mwanafunzi. Linalotakiwa ni kujua mvua ilianza lini, ilikatika siku ngapi katikati, na ilikwisha lini. Hayo hayatoki katika wastani. Hutoka katika daftari la kila siku.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 juu ya kila mita mraba. Tuseme bweni lina paa la bati lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, yaani mita mraba 240. Kila milimita 1 ya mvua inaliangushia paa hilo lita 240. Kwa mvua ya milimita 900 paa moja linapokea lita 216,000 kwa mwaka. Hata tukitoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayomwagika na kuvukiza, zinabaki lita 170,000 na zaidi. Shule yenye wanafunzi 400, kila mmoja akitumia lita 10 kwa siku, hutumia lita 4,000. Maji ya paa moja yangewatosha kwa siku 43 hivi.

Bila shaka hakuna tangi dogo litakaloyameza maji hayo yote. Lakini hesabu hii huuliza swali ambalo bodi ya shule haiwezi kulikwepa. Mwezi Septemba, wasichana wanapokwenda kisimani na ndoo kabla ya vipindi, saa wanazozipoteza ni saa za fizikia na hisabati. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikijenga shule za bweni za wasichana za masomo ya sayansi, kwa mpango wa shule moja kwa kila mkoa. Ujenzi huo utazaa matunda yake iwapo msichana atapata muda wa kusoma, na muda huo unategemea maji. Shule yenye daftari la mvua na daftari la ndoo itaomba tangi kwa hoja. Shule isiyo nalo itaomba kwa malalamiko.

Miti inayotangulia mvua

Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, mwanafunzi anayechungulia dirishani wakati wa kipindi cha mwisho ataona jambo la ajabu. Ardhi ni kavu kama unga, hakuna tone lililoanguka tangu Mei, na kumbe miti ya miombo inachipua. Majani machanga hutoka yakiwa mekundu, ya rangi ya shaba na ya zambarau, mpaka vilima vyote huonekana kama vimewashwa moto. Baada ya majuma machache majani hayo hugeuka kijani.

Miti hiyo haikukosea majira. Mizizi yake huenda chini sana, na ndani ya shina imo akiba ya maji, kwa hiyo yaweza kuchipua kabla ya mvua na kuwa tayari kulipokea jua la masika tangu siku ya kwanza. Wekundu hutokana na rangi iliyomo katika majani machanga kabla umbijani haujajaa. Wataalamu wengi huona kwamba rangi hiyo huyakinga majani laini na jua kali na wadudu. Mvua ziingiapo, uyoga huota chini ya miti hiyo hiyo. Uyoga mwingi wa miombo umeshikamana na mizizi ya miti. Kuvu huipatia miti madini kutoka katika udongo maskini, na miti huilipa kuvu kwa sukari. Anayekata mti kwa hiyo haondoi mti peke yake. Huondoa pia uyoga wa mboga, kivuli cha udongo, na maua ya nyuki watoao asali ambayo Katavi inasifika kwayo.

Darasa moja laweza kuchagua miti 10 iliyo karibu na shule, kuipa namba, na kuandika kila Jumamosi hali ya majani, maua na matunda yake. Baada ya miaka mitano shule hiyo itakuwa na kumbukumbu ambayo hata idara ya chuo kikuu ingeiomba kuiona.

Jikoni: maharage na kuni

Sasa tuingie mahali ambapo mwanafunzi wa bweni huingia kwa hamu kuliko maabara yoyote, ingawa mara nyingi hupita bila kuuliza swali. Chakula cha shule zetu ni ugali na maharage. Kwa nini maharage ya bweni huchukua muda mrefu kuiva?

Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Kadiri tunavyopanda, hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mpanda huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Katika zile shule za milima ya Rocky huchemka kwa nyuzi 90 hivi, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kwa nyuzi 80 na kidogo. Maharage huivishwa na joto la maji, wala hayaivishwi na ukubwa wa moto. Maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuongezi joto hata uzi mmoja. Kunaongeza mvuke unaopotea tu. Mpishi mwenye kupunguza moto baada ya kuchemka, akafunika sufuria kwa mfuniko mzito, na kuloweka maharage usiku kucha kabla ya kupika, anaitumia fizikia, hata kama hakuwahi kuisoma.

Tupime gharama. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 96 kunahitaji kilojuli 30,000 hivi. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kiasi cha kilojuli 16,000. Kama joto lote lingeingia sufuriani, kilo 2 za kuni zingetosha. Lakini mafiga matatu huingiza sufuriani asilimia 10 hadi 15 tu ya joto. Lililobaki huchukuliwa na upepo na moshi. Kwa hiyo kazi ya kilo 2 hula kilo 13 hadi 19. Na kuni zikiwa mbichi, sehemu ya moto hutumika kwanza kuyafukuza maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe, na wapishi huivuta hewa yenye moshi mzito siku nzima.

Tuseme kila mwanafunzi hupikiwa kwa nusu kilo ya kuni kwa siku. Wanafunzi 400 hutumia kilo 200. Kwa muhula wa siku 140 hizo ni tani 28, na kwa mihula miwili tani 56. Tukichukua kwamba hekta moja ya miombo iliyotunzwa huongeza tani 2 za mti kwa mwaka, shule hiyo inahitaji hekta 28 zisizoguswa na mtu mwingine ili msitu usipungue. Tarakimu hizi ni za mfano. Tarakimu za kweli za shule yako zinapatikana kwa kupima kuni kwenye mizani ya ghala kila asubuhi, kazi isiyozidi robo saa.

Serikali imekwisha agiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kupikia kuni na mkaa, na mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Agizo ni jambo moja, na jiko jipya ni jambo jingine. Mkuu wa shule atakayetaka kuchagua kati ya gesi, umeme, bayogesi na jiko banifu atahitaji kujua kwanza anatumia kuni kiasi gani, kwa chakula gani, na kwa muda gani. Nani atamwambia, kama si wanafunzi wake?

Mto unaohitaji mashahidi

Kuni na maji hukutana katika Mto Katuma. Mto huu hushuka kutoka nchi ya juu, ukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita mraba 4,471. Humo huyalisha mabwawa na mbuga za Katavi na Chada, kisha maji yake huendelea hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Zamani mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwanzo wa karne hii umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na viboko kwa mamia hujikuta wamebanana katika madimbwi machache ya matope. Watafiti wameonyesha kwamba sababu kubwa iko juu ya mto: maji yanayokingwa na kuelekezwa mashambani, pamoja na ukataji wa misitu katika vyanzo.

Mkulima wa mpunga naye ana haki ya kula. Ili ugawaji wa maji uwe wa haki, ni lazima ijulikane mto ulikuwa na maji kiasi gani, mwezi gani, mwaka gani. Historia ya nchi hii hii yatufundisha hasara ya kutokuwa na kumbukumbu. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron alifika kwenye mto Lukuga, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, akasema kwamba ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa. Mwaka 1876 Stanley alikuta mlango huo umezibwa. Mwisho wa mwaka 1879 Thomson alikuta maji yanatoka kwa nguvu. Huko Ulaya wakabishana nani amesema kweli, kumbe kila mmoja aliieleza kwa uaminifu hali aliyoikuta alipopita. Ziwa lilikuwa limejaa, likavunja kizuizi, na sasa lilikuwa linashuka. Mwaka huo huo wa 1879 Wabelgiji walijenga kituo chao Karema, katika pwani ya Katavi ya leo, na haukupita muda mrefu maji yakawa yamerudi nyuma na kuacha nchi kavu mbele yake. Msafiri huona siku moja. Anayekaa ndiye awezaye kuona badiliko.

Ukweli huo umethibitishwa katika milima ya Mahale, kaskazini ya Karema. Mwaka 1965 Mjapani Toshisada Nishida alianza kuwachunguza sokwe mtu wa huko. Kazi hiyo, iliyofanywa kwa msaada mkubwa wa wenyeji Watongwe walioijua milima, imeendelea kwa miongo mingi, na mwaka 1985 Mahale ilifanywa hifadhi ya taifa. Huko Oxford, Uingereza, joto la hewa limeandikwa kila siku bila kukatika tangu Novemba 1813. Waliolianzisha daftari hilo hawakuwa na habari ya mabadiliko ya tabianchi. Waliandika tu kila siku, na leo daftari lao ni ushahidi mbele ya dunia.

Daftari lenyewe

Sisemi kwamba shule zisidai maabara. Ni haki yao, na mwanafunzi asiyewahi kushika mirija ya kemia ameonewa. Ninasema kwamba maabara ikija, imkute mwanafunzi aliyekwisha zoea kupima.

Mambo manne ni ya lazima. Kwanza, pawe na daftari moja lenye jalada gumu, likae ofisini mwa mwalimu wa sayansi, wala lisiwe mali ya mwanafunzi mmoja. Pili, zamu ya kupima iwekwe katika ratiba ya bweni kama ilivyo zamu ya usafi, ili kengele iikumbushe. Tatu, siku ambayo kipimo hakikuchukuliwa iachwe wazi. Anayejaza nafasi kwa kubuni ameharibu kazi ya wenzake wote, maana msomaji wa kesho hatajua lipi ni la kweli. Nne, kila Novemba, kabla ya wanafunzi wa Kidato cha Nne kuondoka, wawakabidhi daftari wale wa Kidato cha Tatu mbele ya mwalimu, kwa sahihi za pande zote mbili.

Hili la nne ndilo zito kuliko yote. Mwanafunzi hukaa shuleni miaka minne, na mti wa mninga huhitaji miaka mingi zaidi ya hiyo kukomaa. Hakuna mwanafunzi mmoja atakayeliona jibu la swali la msitu au la mto. Lakini shule hubaki. Kidato kimoja kikimwachia kingine, shule ya miaka 20 itakuwa na macho ya miaka 20, na mgeni atakayetaka kujua kama mvua za Mpanda zimechelewa au kama kuni zinatoka mbali zaidi kuliko zamani atalazimika kubisha hodi hapo.

Gharama ya kuanza ni kopo, fimbo ya mita moja, rula, mizani ya ghala na daftari. Muhula ujao ukifunguliwa, kipimo cha kwanza kichukuliwe Jumatatu ya kwanza, saa tatu asubuhi. Kama kopo litakuwa kavu, iandikwe sifuri. Sifuri iliyopimwa nayo ni kipimo.